Jinsi ya kulitumia neno well-being bila kubabaika, kuanzia maana mpaka kwenye sentensi

Sikuizi ukisoma kiingereza cha aina yoyote, iwe fomu ya kazi, ripoti ya mradi, tangazo la hospitali au imeili ya bosi, lazima ukutane na well-being. Na watu wengi tunalielewa juu juu tu, tunajua ni kitu kizuri kinachohusu afya na furaha basi, alafu tukitaka kulitumia wenyewe ndo tunaanza kuandika vitu kama "I am well-being" au "how is your well-beings" na anaesoma anabaki anajikuna kichwa. Mwongozo huu nimeupanga kwa hatua, ukizifuata moja moja utalizoea, ila hatua ya pili na ya tatu usiziruke maana ndo zenye kazi, hizo nyingine ni za kupita tu.

Hatua ya kwanza: jua ni neno la aina gani

Well-being ni jina. Sio kivumishi, sio kitenzi. Ni jina la hali, ile hali ya mtu kuwa vizuri, na kwenye kiingereza linaingia kundi moja na majina yasiyohesabika kama "health" na "safety", kwa iyo halina wingi na huwezi kulitangulizia "a". Hakuna "well-beings" na hakuna "a well-being".

Kinachotuchanganya ni hilo "being" la mwisho, kwa sababu tumeshazoea "human being" ambalo ni binadamu, na binadamu wakiwa wengi ni "human beings", sasa mtu anaona kama well-being nalo litakuwa aina fulani ya kiumbe. Hapana. Kwenye "human being" hiyo being ni kiumbe, kwenye well-being ni kule kuwa tu, yaani kuwa vizuri. Ukishalitenganisha hivyo kichwani utaona kwa nini "I am well-being" haikai, ni kama umesema mimi ni ustawi. Unachotaka kusema hapo ni "I am well", imeisha.

Utakutana na "a sense of well-being" na "a state of well-being" na utataka kubisha kwamba mbona hapo kuna "a", angalia vizuri, hiyo "a" ni ya "sense" na "state".

Hatua ya pili: ishike maana yake yote, sio nusu

Hapa tutulie kidogo. Ukifungua kamusi utakuta maelezo mafupi kwamba well-being ni hali ya kuwa na afya na furaha, na ni kweli, ila ukiishia hapo utalitumia neno kama pambo tu. Matumizi yake rasmi yanayojulikana kuliko yote yako kwenye katiba ya Shirika la Afya Duniani, ambayo nchi zilisaini New York mwaka 1946 na ikaanza kutumika tarehe 7 Aprili 1948. Pale afya yenyewe imeelezwa kwa kutumia neno hili, kwamba afya ni hali ya well-being kamili ya mwili, ya akili na ya kijamii, na sio tu kukosa ugonjwa au udhaifu. Unaona lilivyotumika? Mtu anaweza kupimwa kila kitu akaambiwa hana ugonjwa wowote na bado well-being yake ikawa chini, labda halali, labda yuko peke yake muda wote, labda anaishi na wasiwasi. Na kinyume chake kipo, kuna mtu ana kisukari miaka na miaka na anaishi vizuri kabisa, anacheka, ana watu wake, anafanya kazi anayoipenda.

Mwezi Desemba mwaka huo huo wa 1948 neno likaingia pia kwenye Azimio la Umoja wa Mataifa la Haki za Binadamu, ibara ya 25, inayosema kila mtu ana haki ya kiwango cha maisha kinachotosha kwa afya na well-being yake na ya familia yake, alafu ibara inaendelea kutaja chakula, mavazi, makazi, matibabu na huduma za jamii. Kwa iyo neno limebeba mpaka nyumba unayolala na nguo unazovaa. Sio furaha ya usoni tu.

Ukitaka kuliona kwa ukaribu zaidi, angalia namna linavyopimwa. Kuna dodoso fupi linaitwa WHO-5 (WHO ni kifupi cha kiingereza cha hilo Shirika la Afya Duniani), limekuwepo tangu 1998, lina sentensi tano tu kuhusu wiki mbili zilizopita. Ya kwanza inahusu kama umekuwa mchangamfu na mwenye moyo mkunjufu, ya pili kama umekuwa umetulia, ya tatu kama umejisikia mwenye nguvu, ya nne kama umekuwa ukiamka umepumzika, na ya tano kama siku zako zimejaa vitu vinavyokuvutia. Kila moja unaipa namba kuanzia 0 ambayo ni hakuna wakati wowote mpaka 5 ambayo ni muda wote. Tuseme mtu amejipa 3 kwenye uchangamfu, 2 kwenye utulivu, 2 kwenye nguvu, 1 kwenye kuamka amepumzika na 3 ya mwisho, jumla yake ni 11, unazidisha mara 4 unapata 44 kati ya 100. Kawaida ikiwa 50 au chini yake inachukuliwa kama dalili ya kumwangalia huyo mtu kwa karibu, sio kwamba ameshatangazwa mgonjwa, ni kwamba kuna sababu ya kumuuliza zaidi.

Sasa rudi uzisome zile sentensi tano. Hakuna hata moja inayouliza unaumwa nini. Zote zinauliza unaishije. Ndo maana mi nikifundisha mtu hili neno namwambia alifikirie kama jibu refu la swali la "unaendeleaje", lile jibu la kweli, sio lile la salama tu.

Wataalamu wa takwimu wa Uingereza nao tangu 2011 wanauliza watu maswali manne: umeridhika kiasi gani na maisha, unaona unayoyafanya yana maana kiasi gani, jana ulikuwa na furaha kiasi gani, na jana ulikuwa na wasiwasi kiasi gani, kila swali kuanzia 0 mpaka 10. Furaha ni robo tu ya maswali. Hilo likae kichwani tunapoingia hatua inayofuata.

Hatua ya tatu: litenganishe na majirani zake

Kuna maneno manne yanakaa mtaa mmoja na well-being na watu wanayabadilisha badilisha kama ni kitu kimoja.

"Happiness" ni furaha, na furaha ni hisia, inakuja asubuhi jioni imeondoka. Timu yako ikishinda una happiness, ila hatusemi well-being yako imepanda kwa sababu ya goli la dakika ya tisini. Well-being ni ya muda mrefu kidogo. Wanasaikolojia kama Ed Diener wa Marekani, ambae aliandika sana kuhusu mambo haya kuanzia 1984, wanatumia "subjective well-being" kwa kuchanganya vitu vitatu, mtu kuridhika na maisha yake, kuwa na hisia nzuri mara nyingi, na kuwa na hisia mbaya mara chache. Ukiona hilo neno "subjective" ujue wanaongelea vile mtu mwenyewe anavyoyaona maisha yake, sio vile jirani anavyomuona.

"Health" ni afya, ni nyembamba zaidi kwenye matumizi ya kila siku, ata kama ile katiba imeipanua. Mtu akisema "health problems" anamaanisha magonjwa. Ndo maana utaona waandishi wanaweka yote mawili pamoja, "health and well-being", wanataka kufunika mwili na hayo mengine yote. Lengo la 3 kwenye Malengo ya Maendeleo Endelevu ya Umoja wa Mataifa yaliyopitishwa 2015 limeandikwa hivyo hivyo, maisha yenye afya na well-being kwa wote wa rika zote.

"Welfare" ndo tatizo kubwa. Zamani lilikuwa na maana inayokaribiana sana na well-being, katiba ya Marekani ya 1787 inazungumzia kukuza "general Welfare" na pale wanamaanisha hali njema ya wananchi wote. Lakini karne ya 20 serikali zilipoanza kulipa posho za wasio na kazi, wazee na familia masikini, neno likavutwa upande huo, na sasa ukisema Marekani kwamba fulani "is on welfare" umesema anaishi kwa msaada wa serikali, na mara nyingi inasemwa kwa dharau. Kwa iyo usiandike kwenye barua "I care about your welfare" kwa mtu usiemjua vizuri ukidhani umesema kitu kitamu, sio kosa la sarufi, ila well-being ni salama zaidi. Welfare imebaki na nyumba zake mbili tatu ambazo huwezi kuitoa: "child welfare" ambayo ni kazi za maafisa wa ustawi wa watoto, "social welfare" ambayo ni huduma za jamii, na "animal welfare" kwa wanyama. Kwenye hizo usilazimishe well-being, tumia walichozoea.

La mwisho ni "wellness". Hili lilipata nguvu Marekani kupitia daktari mmoja anaitwa Halbert Dunn aliekuwa akilizungumzia kuelekea mwisho wa miaka ya 1950, na nia yake ilikuwa nzuri tu, kwamba afya isiwe kukosa ugonjwa peke yake. Baadae biashara ikaliteka. Leo wellness utaiona kwenye masaji, vitamini, yoga, programu za mazoezi za ofisini na mafuta ya kupaka. Namna rahisi ya kutofautisha ni hii, wellness ni vile vitu unavyofanya au unavyouziwa, well-being ni hali uliyonayo mwisho wa siku. Ofisi inaweza kuwa na "wellness programme" nzuri sana na wafanyakazi wake well-being yao iko hoi.

Hatua ya nne: liandike sawa

Andika na kistari katikati, well-being. Utaliona pia limeunganishwa, wellbeing, hasa Uingereza, Australia na New Zealand, na sio kosa. Bajeti ya New Zealand ya 2019 iliitwa "Wellbeing Budget", bila kistari, wakati sheria ya Wales ya 2015 ya kulinda vizazi vijavyo imeandika "Well-being" na kistari, sasa hapo ata serikali zenyewe hazijakubaliana. Kwa Marekani kaa na kistari. Cha muhimu ni ukichagua moja uende nayo mpaka mwisho wa andiko, na usiliache limetengana kama maneno mawili, "well being", hiyo kwenye jina haikubaliki popote.

Kutamka ni wel-BII-ing, nguvu iko kwenye "bii". Basi.

Hatua ya tano: lipe maneno linayotembea nayo

Neno peke yake halikusaidii kama hujui linakaa na nani. Mbele yake kunakaa vivumishi vinavyosema ni upande gani wa maisha: "physical" kwa mwili, "mental" kwa akili, "emotional" kwa hisia, "social" kwa mahusiano na watu, "financial" kwa hela, "spiritual" kwa mambo ya roho. Vitenzi vinavyolipenda ni "improve" ukitaka kusema kuboresha, "promote" kukuza, hii ni ya kwenye ripoti zaidi, "protect" kulinda, "support" kusaidia, "affect" kugusa au kuathiri, na "harm" kudhuru. Mfano "Lack of sleep affects your emotional well-being", kukosa usingizi kunaathiri hali yako ya kihisia.

Baada yake mara nyingi inakuja "of" na watu: "the well-being of children", "the well-being of the elderly". Au unamilikisha moja kwa moja, "their well-being", "the workers' well-being". Usiseme "well-being for children" kama unamaanisha hali ya watoto, ile "for" inafanya ionekane ni kitu cha kuwapelekea kwenye boksi.

Swali linaloulizwa sana ni kama unaweza kusema "good well-being". Watu wanasema, hutakamatwa, ila "well" tayari ni vizuri, kwa iyo unarudia. Kwenye tafiti wanasema "high levels of well-being" au "low well-being" kwa sababu wao wanapima namba. Kwenye maandishi ya kawaida we sema tu "it is good for your well-being" na imetosha.

Na angalia sauti ya sentensi. "For your own well-being" ikitoka kwa daktari ni ushauri, ikitoka kwa mtu aliekasirika ni kitisho, kama vile kwetu mtu akikwambia "kwa usalama wako". Imeili kwa bosi isiwe na hiyo.

Hatua ya sita: jua pa kuliacha

Well-being ni neno la suti. Linafaa ripoti, barua, hotuba, fomu, mahojiano ya kazi. Kwenye salamu liache kabisa. Watu wanaandika "I hope this email finds you in good well-being", hapana jamani, andika "I hope you are well". Ukimuuliza rafiki alietoka kuumwa, "How are you feeling now?" inamgusa kuliko "How is your well-being?", hiyo ya pili unasikika kama fomu ya bima imepata mdomo.

Hatua ya saba: jaribu kurekebisha andiko la kweli

Chukua kipande hiki cha barua ya kuomba kazi ya kulea watoto: "I have a good well-being and I like to make children well-being. In my last job I was giving wellbeing to 12 children and all their well-beings was good."

Anza na sentensi ya kwanza. Huyu alitaka kusema ana afya na anajali watoto. Afya ni "I am in good health". Kujali ni "I care about the well-being of children". Tumeshatoa kosa la kulifanya well-being kitenzi, maana huwezi ku-well-being mtu.

Sentensi ya pili, "giving wellbeing" haipo, hali ya mtu huigawi kama daftari. Kinachotumika kwenye kazi ni kuwajibika: "In my last job I was responsible for the safety and well-being of 12 children". Hiyo "responsible for the safety and well-being of" ikariri kama ilivyo, kwenye kazi za watoto, wazee na wagonjwa utaitumia mpaka uchoke.

Kile kipande cha mwisho, "all their well-beings was good", mi ningekifuta chote. Ukishalitaja neno kubwa mara moja, usilirudie, onyesha. Andika walikula kwa wakati, walilala vizuri, walikuwa wanakufuata ukiingia mlangoni: "They ate on time, slept well and ran to the door when I arrived". Anaesoma maombi mengi kwa siku ameshaona "well-being" kwenye kila barua, ila watoto wanaokimbilia mlangoni hajawaona kwa wengine.

Hatua ya nane: kulirudisha kwenye Kiswahili

Siku moja utapewa ripoti uitafsiri, na hapo usitafute neno moja la kulibandika kila mahali. Kwenye maandishi rasmi ustawi linabeba vizuri, ndo maana lile lengo la 3 watu wanaliandika afya njema na ustawi. Lakini ustawi lina harufu ya ofisi ya serikali, na ukimwambia mama wa kawaida "ustawi wako wa kihisia ukoje" atakuangalia tu. Ukiwa unaongea na watu, "mental well-being" iwe utulivu wa akili au afya ya akili kutegemea unaongelea nini, "physical well-being" iwe afya au uzima wa mwili, "financial well-being" iwe kutulia kimaisha upande wa hela, na "a sense of well-being" iwe kujisikia vizuri, kujisikia una amani. Ikiwa sentensi ni "the well-being of my parents", andika hali ya wazazi wangu, wanaishije, wanaendeleaje, na sentensi itapumua.

Usilipeleke kwenye "maslahi" kwa haraka haraka, hasa likiwa na wafanyakazi. "Workers' well-being" ukiandika maslahi ya wafanyakazi msomaji anaelewa mishahara na posho, wakati mwandishi huenda anaongelea uchovu, stresi na muda wa kupumzika, sasa mkutano ukiitishwa kwa tafsiri hiyo watu watakuja na madai ya nyongeza ya mshahara na mwenye ripoti atabaki ameshika dodoso la usingizi mkononi.